Krapf na ufunguo wa ushairi wa kale

Kila mwalimu afundishaye ushairi wa kale mbali na pwani anaijua shida hii. Hapa Buyangu, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, mwanafunzi akikuta katika shairi la Mombasa neno ndoo, na mbele kidogo neno teka, picha imjiayo ni ya mtu achotaye maji. Kumbe mshairi anamwita mwenzake aje, kisha anataja kicheko! Katika Kimvita, njoo ni ndoo, cheka ni teka, macho ni mato na njia ni ndia. Kamusi iliyo mezani petu mara nyingi haimwokoi mwanafunzi huyo, kwa maana Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa mwaka 1928.

Ndiyo sababu nimeona vyema kuyasimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf. Vitabu vya historia humtaja kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Mimi namthamini zaidi kwa kazi aliyoifanya mezani, ambayo wanafunzi wetu hawaelezwi.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba ya mkulima. Alipata mafunzo ya umisionari Basel, nchini Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Ethiopia na chama cha wamisionari wa Kianglikana cha London. Njia ya kurudi Shoa ilipofungwa, alielekea kusini. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, ambako Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha. Mwaka huohuo akahamia Mombasa pamoja na mkewe, Rosine.

Hawakukaa pamoja kwa muda mrefu. Mwezi wa Julai homa ilimchukua Rosine, na kitoto chao kichanga kikamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hajiwezi kitandani. Wengi wangelifunga safari ya kurudi kwao, yeye alibaki. Alikuwa ameanza mwezi wa Juni kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi mmoja wa Mombasa, na kazi hiyo akaishika tena.

Mwaka 1846 alijiunga na Johannes Rebmann, wakajenga kituo chao Rabai. Huko na Mombasa, Krapf aliokota maneno kutoka vinywani mwa watu, akayaandika na kuyapanga. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kingine kilicholinganisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Afya ilimrudisha Ulaya mwaka 1853. Mwaka uliofuata aliipatia maktaba moja ya Ujerumani, mjini Halle, hati za tendi za Kiswahili, ukiwamo Utendi wa Tambuka, ambao hati yake inautaja mwaka 1728.

Alirudi pwani kwa muda mfupi mwaka 1862, lakini makazi yake ya uzeeni yalikuwa Korntal, Ujerumani. Huko aliendelea na kamusi yake hadi mauti yalipomfika, tarehe 26 Novemba 1881. Hakukiona kitabu kilichokamilika. Kilichapishwa London mwaka 1882, kikiwa na kurasa zaidi ya 400, na mwaka 1925 kikatolewa upya baada ya kurekebishwa na H. K. Binns.

Wasomaji wapendwa, tazameni miaka. Muyaka bin Haji, bingwa wa mashairi wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Krapf aliingia mji uleule miaka minne baadaye. Huenda baadhi ya waliomfundisha maneno walikuwa watu waliomsikia Muyaka kwa masikio yao. Kwa hiyo kamusi hiyo imehifadhi msemo wa kizazi cha mshairi mwenyewe, kabla haujapitiwa na usanifishaji. Hapo ndipo thamani yake kwa msomaji wa leo.

Sisemi kwamba Krapf hakuwa na dosari. Alishikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kuuzuia Uislamu usienee. Tahajia yake humtatiza msomaji wa leo. Tena jina lililo kwenye jalada ni lake peke yake, ilhali elimu iliyomo ni ya Waswahili wengi ambao hatuyajui majina yao.

Dosari kubwa zaidi si yake, ni yetu. Kamusi ya Krapf huyafafanua maneno kwa Kiingereza. Kijana wa Buyangu atakaye kumwelewa Muyaka hulazimika kupitia lugha ya Waingereza ili aifikie lugha ya Mombasa! Nchini China, tangu mwaka 1979, wanafunzi wana kamusi ndogo ya maneno ya lugha yao ya kale, iliyofafanuliwa kwa lugha wanayoizungumza sasa. Kwa nini sisi tusiwape wetu kitu cha namna hiyo?

Rai yangu ni kwamba idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zikae na wajuzi wa Mombasa, Lamu na Pate, zitunge kamusi ya ushairi wa kale, ndogo na ya bei nafuu, yenye maelezo ya Kiswahili, na safari hii majina ya wajuzi hao yaandikwe. Bila kitabu kama hicho, ushairi wa kale utabaki mali ya wenye bahati ya kuzaliwa pwani, nasi wa bara tutaendelea kuwakaririsha watoto beti wasizozielewa. Krapf aliifanya kazi hii akiwa mgeni, mgonjwa na mfiwa. Wenyewe tuna udhuru gani?