Shaaban Robert: Majonzi Yaliyogeuka Kuwa Somo

Walimu wengi humfundisha Shaaban Robert kama bingwa wa lugha. Wanafunzi hukariri majina ya vitabu vyake, huhesabu mizani na vina vya mashairi yake, kisha huingia katika mtihani. Katika makala hii twakusudia kumtazama kwa upande mwingine, yaani mtu aliyefikwa na msiba akashika kalamu ili aweze kuendelea kuishi. Twaamini kwamba upande huo una faida kubwa kwa mwalimu wa utungaji.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, na masomo yake ya darasani yakakomea hapo. Baadaye aliingia katika ukarani wa Idara ya Forodha, akaitumikia hadi 1944. Sehemu ya miaka hiyo aliishi Pangani.

Ni katika utumishi huo alipomwoa Amina, na ndipo alipofiwa naye, akabaki na watoto wa kulea. Msiba wa namna hii twaujua sote. Matanga huanuliwa, wageni hurudi makwao, na mfiwa huachwa peke yake na nyumba yake. Mwanamume hutazamiwa kujikaza, na karani hutazamiwa kuwahi kazini.

Shaaban Robert aliandika. Alimtungia mkewe shairi la maombolezo. Aliwatungia pia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Tungo zote tatu zimo katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Yafaa kuangalia jinsi kitabu hicho kinavyoanza. Mwandishi anauacha utoto wake na kuanza na ndoa, kana kwamba uhai wake wenyewe ulianza siku alipompata Amina.

Baina ya 1944 na 1946 alitumikia idara ya mifugo huko Longido na Mpwapwa. Mtu wa pwani, aliyezoea minazi na upepo wa bahari, alijikuta katika uwanda wa kati wenye mibuyu, vumbi na kiangazi kirefu. Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Miaka hiyo ya vita ndiyo iliyozaa Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo elfu tatu, uliochapishwa 1967 baada ya kufa kwake. Tangu 1931 hadi 1958 aliandikiana barua pia na nduguye, Yusuf Ulenge. Alirudi Tanga 1946, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, kisha katika idara ya upimaji ardhi. Alifariki tarehe 20 Juni 1962.

Maisha haya yatufundisha nini sisi walimu? Kwanza, huzuni yake aliipa umbo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani minane. Mwenye majonzi akitafuta neno litakalotosha katika kipande, huacha kuburutwa na majonzi hayo, akaanza kuyaongoza. Pili, alikuwa na mtu wa kumwandikia. Machozi ya baba yaligeuka kuwa wosia kwa watoto, na kwa njia hiyo msiba ukapata kazi ya kufanya.

Utafiti wa baadaye waelekea huko huko. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walieleza jaribio ambamo wanafunzi waliandika habari za matukio yaliyowaumiza, muda wa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika, walioeleza tukio pamoja na hisia zao walisikia huzuni zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa mganga mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida.

Kwa hiyo mwalimu awe mwangalifu. Katika darasa lolote la Mpwapwa, Kongwa au Dodoma huenda yumo mtoto aliyefiwa. Asilazimishwe kuandika juu ya kifo. Apewe nafasi ya kuchagua: barua kwa mdogo wake, ubeti mmoja, au kisa cha jambo jingine kabisa. Insha ya namna hiyo isisomwe mbele ya wenziwe bila ridhaa yake, wala isirudishwe ikiwa imejaa wino mwekundu. Sarufi itasahihishwa katika kazi nyingine. Na ikiwa maandishi yaonyesha kwamba mtoto yumo hatarini, mwalimu atafute msaada upesi, kwa sababu kalamu haitoshi kwa kila jeraha.

Kipindi cha utungaji hupimwa kwa alama, na lazima kiendelee kupimwa hivyo. Lakini tumkumbuke yule karani aliyefiwa: kabla maandishi yake hayajawa fasihi ya taifa, yalikuwa maneno ya baba kwa wanawe.