Paul Lomami-Tshibamba: karani aliyepigwa fimbo juu ya swali moja

Wasomaji wetu wa Rutshuru, wa Kiwanja, na ninyi wote mulio kwenye machimbo pamoja na jamaa zenu, leo tunawaletea maisha ya mwandishi mmoja wa inchi yetu. Jina lake Paul Lomami-Tshibamba. Alikufa mwaka 1985, na wengi kati ya watoto wetu hawajui habari zake, hata wale waliomaliza sekondari. Yeye hakuwa muchimbaji. Alikuwa karani, mutu wa kalamu na karatasi. Lakini swali aliloandika mwaka 1945 ni lile lile munalouliza jioni munapogawana franga na kuona kilichobaki: sisi wenye kutoka jasho, nafasi yetu iko wapi?

Alizaliwa mwaka 1914 kule Brazzaville, upande wa mto uliokuwa wa Wafaransa. Baba yake alikuwa Muluba wa Kasai. Alipokuwa bado mudogo, walivuka mto wakaja kukaa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Miji hii miwili inatazamana, mutu anasimama huku anaona moshi wa kule. Mushike neno hilo, juu litarudi mbele katika habari hii. Alisoma kwa mapadri, katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kule Mayombe. Upadri hakufika. Lakini alitoka na kitu ambacho Wabelgiji hawakupenda kuwapa watu weusi wengi: Kifaransa cha kuandika, tena kizuri. Akafanya kazi ya ukarani, na makala zake zikaanza kutoka katika La Croix du Congo, gazeti la Wakatoliki.

Watu kama yeye waliitwa évolués. Walikuwa makarani, waalimu, wauguzi. Walivaa suti, waliandika barua za wazungu, walihesabu franga za wazungu. Lakini mushahara wao haukukaribia ule wa muzungu wa kazi moja nao. Usiku hawakuruhusiwa kutembea ovyo katika mitaa ya wazungu. Na fimbo, ile ya ngozi wazee wetu wanayoikumbuka mpaka leo, ilikuwa juu ya mugongo wa karani sawa na juu ya mugongo wa mulimaji.

Kisha vita vya 1940 vikaingia. Ubelgiji ilikamatwa na Wajerumani, na Kongo ikabaki kubeba muzigo. Shaba, bati, dhahabu, mpira, vyote vilitakiwa kwa haraka. Mwaka 1942 Leta ilipandisha kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka. Kule Katanga, uranium ya Shinkolobwe ilipakiwa kwenda Marekani, na ndiyo iliyoingia katika bomu la 1945. Aliyeichimba hakuambiwa inaenda kufanya kazi gani.

Watu walichoka. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba nyongeza ya mushahara. Tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mupira wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Askari walipiga risasi, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akafa pale pale pamoja na wengine wengi. Mwezi wa pili 1944, askari wa Luluabourg nao waliasi. Hapo wakubwa wa Leta walianza kuogopa kitu kimoja: siku muchimbaji, askari na karani watasema neno moja, itakuwa nini?

Karani walitaka kumutuliza kwa karatasi. Mwezi wa kwanza 1945 kulianzishwa gazeti, La Voix du Congolais, maana yake sauti ya Mukongomani. Waandishi walikuwa weusi, na muhariri wake, Antoine-Roger Bolamba, alikuwa Mukongomani pia. Lakini nyumba ilikuwa ya Leta, franga zilikuwa za Leta, na jicho la Leta lilipita juu ya kila ukurasa. Ilikuwa sawa na mutu anayekuambia useme bila woga, huku ameshika mulango kwa mukono mumoja.

Lomami-Tshibamba alichukua ile ahadi kama ahadi ya kweli. Katika namba ya pili, ya mwezi wa tatu na wa nne 1945, alitoa makala ambayo kichwa chake kilikuwa swali: nafasi yetu itakuwa gani katika dunia ya kesho? Vita vilikuwa karibu kuisha. Mataifa makubwa yalikuwa yanasema habari za uhuru na haki za watu. Yeye akauliza, na sisi je? Aliandika kwamba évolués wametolewa katika dunia ya baba zao, lakini ile dunia ingine haijawafungulia mulango. Hakumutukana mutu. Hakuita watu kushika silaha. Hakuomba hata wazungu waondoke. Aliomba paka jibu.

Jibu likaja. Aliitwa na wakubwa, akahojiwa, akapigwa fimbo. Mutu muzima, mwenye bibi na kazi, alilazwa chini juu ya makala iliyotoka katika gazeti la serikali yenyewe.

Kwa nini swali moja liliwauma vile? Tunavyoona sisi, matusi yangekuwa rahisi kwao. Mwenye kutukana unamufunga na habari inaisha. Lakini swali la adabu, lililoandikwa kwa Kifaransa safi, linabaki mezani. Kila mwenye kulisoma analibeba nyumbani. Na kwa kujibu kwa fimbo, Leta ilikuwa imeonyesha wazi ni nafasi gani iliyowekea watu weusi katika ile kesho.

Wengine wangeacha kalamu. Yeye alibadilisha njia. Akaandika hadithi, akaiita Ngando, neno la Lingala, maana yake mamba. Mutoto mumoja wa Léopoldville, Musolinga, anaacha kwenda masomo, anaenda kuoga mtoni na wenzake, na mamba anamubeba. Mamba yule si wa kawaida, ametumwa na wachawi. Baba ya mutoto anaondoka kumutafuta akisaidiwa na wenye kujua mambo ya mizimu, na wanapewa mwiko. Mwiko unavunjwa, na habari inaisha kwa machozi.

Ukiisoma haraka, utasema ni hadithi ya bibi kando ya moto. Lakini ndani yake kuna muji wa kweli: kazi ya wazungu, masomo yanayoogopesha mutoto, wazazi wanaotafuta maisha, na kando ya hayo yote nguvu isiyoonekana inayokula watu. Muandishi hakusema ile nguvu ni nani. Kila musomaji alijiamulia mwenyewe. Yale yasiyoweza kupita katika gazeti, yalipita ndani ya tumbo la mamba.

Na sasa musikie maajabu. Mwaka 1948, kwenye maonyesho ya koloni kule Bruxelles, Ngando ilipewa zawadi ya kwanza ya uandishi, na mwaka ule ule ikachapishwa kule kule Ubelgiji. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu fimbo. Koloni ile ile iliyomupiga ilimupigia makofi. Mpaka leo kitabu hicho kinahesabiwa kati ya hadithi za kwanza kubwa zilizoandikwa na Mukongomani kwa Kifaransa.

Zawadi haikumuletea amani. Kumbukeni ule mto. Mwaka 1950 tunamukuta ng'ambo yake, Brazzaville, kwenye muji aliozaliwa, ambako Wafaransa walimupa kuongoza gazeti jipya, Liaison. Hapo nako kulikuwa koloni, tusijidanganye, lakini kamba ilikuwa ndefu kidogo. Kwa karibu miaka kumi alipokea maandiko ya vijana, akayasoma, akayatengeneza, akayatoa. Katika kurasa zile walipita Jean Malonga na Sylvain Bemba, ambao majina yao yamebaki kati ya waandishi wakubwa wa Kongo-Brazzaville. Mutu aliyepigwa juu ya kusema, akafanya kazi ya kusemesha wengine.

Mwaka 1959 akarudi Léopoldville. Mwaka uliofuata, tarehe 30 ya mwezi wa sita, uhuru ukaja. Hakuwa mutu wa kupiga siasa kwa megafoni. Wakati wa Zaïre alitoa vitabu vingine: La Récompense de la cruauté mwaka 1972, na Légende de Londema mwaka 1974. Alikufa mwaka 1985, na kuna maandiko aliyoyaacha yakachapishwa yeye akiwa amekwisha kwenda: Ah! Mbongo, yaani Ah! Franga, ilitoka mwaka 2007 tu.

Tunawaletea maisha haya kwa sababu. Kati yenu kuna vijana wanaojua kuandika, ambao hesabu za kikundi zinapitia mikononi mwao: kilo ngapi zilitoka shimoni, bei gani ilisemwa, franga ngapi zilifika. Kijana kama yule akiuliza kwa adabu hesabu haikutimia kwa nini, musimwambie anyamaze juu ya kuogopa wakubwa. Mumusikilize kwanza. Karani mumoja wa Léopoldville aliuliza mwaka 1945, akapigwa. Waliomupiga hawana jina katika vitabu vyetu. Swali lake liko, na kesho aliyoiuliza ndiyo hii tunayoishi.