Jules Gonin, Daktari Aliyetafuta Mchaniko

Mtahiniwa, kumbuka mchoro wa jicho: retina ni utando wa nyuma unaopokea mwanga. Ukibanduka, mtu huweza kupofuka. Jules Gonin, aliyezaliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1870, aliwakuta madaktari wakiwalaza wagonjwa hao kitandani kwa wiki nyingi, wamefungwa macho, na karibu wote walipofuka. Yeye alishikilia kwamba chanzo ni mchaniko mdogo kwenye retina, ambapo majimaji ya ndani ya jicho hupenya na kuibandua.

Zingatia hapa, maana ndipo ulipo ubora wake. Kabla ya kupasua alimchunguza mgonjwa kwa subira (wala hakuwa na mashine za siku hizi), akachora retina yake na kupima mahali hasa palipochanika. Kisha alitoboa ukuta mweupe wa jicho kwa chuma cha moto, na kovu likaziba mchaniko. Alipingwa kwa miaka mingi, hadi mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam, 1929, ulipomkubali. Wagonjwa walimfuata Lausanne kutoka nchi nyingine. Alifariki mwaka 1935. Leo mchaniko huzibwa kwa leza au kwa baridi kali, lakini kwanza hutafutwa.