Sayyid Barghash: Alipelekwa Bombay kama mfungwa, akarudi na darasa

KIJANA mmoja niliyemfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Bariadi hivi sasa yuko India. Alimaliza chuo kikuu, akapata kazi katika mambo ya kilimo, na mwaka huu amekwenda huko kwa miezi minane kufanya utafiti wa pamba pamoja na wataalamu wa nchi ile. Kwetu Simiyu pamba ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba, kwa hiyo tulimsindikiza kwa dua na furaha kubwa.

Mwezi haujatimia akanipigia simu usiku. Chakula hakijamkubali. Lugha ya mtaani haijui, ofisini wanamwita mgeni, na msikiti uko mbali na chumba alichopanga. Anahesabu siku. Alitaka nimwambie kama ni aibu kurudi kabla ya muda.

Ndugu msomaji, mwalimu wa dini akiulizwa swali kama hilo hukimbilia kumtaja Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu ambaye katika karne ya 11 alijifunza Kisanskriti na kuandika kitabu kikubwa juu ya watu wa India, dini zao na hesabu zao. Lakini nilijua kijana wangu angenijibu kwamba yeye si Al-Biruni. Nikamtafutia mtu wa karibu zaidi, mtu wa pwani yetu hii, ambaye hakwenda India kwa barua ya mwaliko wala kwa posho ya utafiti. Alipelekwa chini ya ulinzi. Huyo ni Sayyid Barghash bin Said, aliyekuja kuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Barghash alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mama yake alikuwa Mhabeshi. Alikuwa mmoja tu katika watoto wengi wa Sayyid Said, na hakuwa mkubwa wao. Lakini tangu ujana alijiona kuwa yeye ndiye anayefaa kutawala, na hilo ndilo lililomponza.

Mwezi Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman. Barghash alikuwamo katika msafara huo. Mara tu walipofika Unguja alijaribu kushika madaraka usiku, lakini akashindwa, na ndugu yake Majid akawa Sultani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, alijaribu tena, safari hii akiungwa mkono na Waarabu wa kabila la Harthi na baadhi ya ndugu zake wa kike, akiwamo Bibi Salme, ambaye alimwandikia barua za siri. Nyumba yake ilipozingirwa, dada zake walimtoa nje akiwa amevalishwa mavazi ya kike, akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles. Waingereza wakaingilia kati kumsaidia Majid kwa askari wa manowari zao. Barghash akashindwa na kukamatwa.

Hukumu yake ilikuwa kuondoka nchini. Alipakiwa melini kwenda Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, na mdogo wake Abdulaziz akafuatana naye. Kijana wa kifalme aliyezoea watumishi na mashamba ya karafuu sasa alikuwa mtu wa kuangaliwa na serikali ya kigeni, katika mji ambao hakuna aliyelazimika kumsimamia apitapo.

Na wakati wenyewe ulikuwa mzito kwa Waislamu wa India. Uasi mkubwa dhidi ya Waingereza ulikuwa umezimwa muda mfupi kabla ya hapo. Mwaka 1858 Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Mughal, alihamishiwa Rangoon, akafia huko mwaka 1862. Kwa hiyo Barghash alifika katika nchi ambayo mtawala wake Mwislamu naye alikuwa uhamishoni. Mtu mwingine angejifungia chumbani akalia, au angetumia miaka hiyo kusuka fitina mpya.

Bombay ya siku hizo ilikuwa inajengwa upya. Reli ya kwanza ya abiria nchini India ilianza kazi hapo mwaka 1853, na chuo kikuu cha mji huo kilianzishwa mwaka 1857. Mitambo ya kuchapa ilikuwa inatoa vitabu vya dini kwa herufi za Kiarabu. Tena ilikuwa ni mwaka 1860, Barghash akiwa huko, ndipo bwawa la Vihar lilipokamilika ili maji yaletwe mjini kwa mabomba. Bandarini walijaa wafanyabiashara waliozijua njia za Unguja vizuri, maana hata forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa tajiri wa Kihindi kutoka Kutch, Jairam Shivji.

Barghash aliishi huko kwa takriban miaka miwili, akaruhusiwa kurejea mwaka 1861. Alikaa kimya. Majid alipofariki Oktoba 1870, ndipo Barghash alipokalia kiti alichokitafuta mara mbili kwa nguvu bila kukipata.

Sasa tazama alichokifanya. Mji wa Zanzibar ulikuwa ndiyo kwanza umetoka katika kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ugonjwa ulioua maelfu, na watu walikuwa wakinywa maji ya visima vilivyochimbwa katikati ya nyumba na vyoo. Katika utawala wake Barghash alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji. Alijenga hamamu ya watu wote, ambayo mtaa wa Hamamni unaitwa kwa jina lake hadi leo. Kimbunga cha Aprili 1872 kilipovunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu ya Unguja, alinunua meli za mvuke, na baadhi yake zikawa zinakwenda Bombay na kurudi na bidhaa. Mnamo mwaka 1880 alianzisha mtambo wa kuchapa, na miongoni mwa vitabu vilivyotoka humo ni Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiq-hi ya Kiibadhi chenye mijalada mingi. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Maji, meli za mvuke, mtambo wa vitabu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya macho ya kila mkazi wa Bombay mwaka 1860. Tofauti ni kwamba wengine waliyapita wakienda sokoni, na yeye akayaweka moyoni kwa miaka kumi mpaka alipopata uwezo wa kuyatenda.

Hata hivyo ndugu msomaji, si haki kumsimulia mtu kwa mema yake peke yake. Mashamba yale ya karafuu yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitoka bara kama sisi tulivyo watu wa bara. Barghash hakuifunga biashara hiyo kwa hiari. Alikataa kwanza, na akatia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 baada ya Waingereza kutishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Soko la watumwa likafungwa, lakini utumwa wenyewe ukaendelea Unguja baada ya yeye kufa. Aidha, huyu huyu aliyechapisha vitabu vya dini alimtia gerezani mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, baba yake Sheikh Al-Amin Mazrui, kwa sababu ya elimu na msimamo wake. Mtambo wa kuchapa aliuleta, ila kusikiliza rai asiyoipenda hakukuweza.

Na kuna somo jingine la India ambalo nadhani lilimpita. Aliona nchi kubwa ikiwa imemezwa na wageni walioanza kama wafanyabiashara, lakini alipotawala aliegemea sana ushauri wa balozi wa Kiingereza, John Kirk. Mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita bara akiwatilisha watawala wetu saini. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya kasri la Barghash, na rafiki zake Waingereza hawakumtetea. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Mstari walioukata katika makubaliano hayo ulitoka pwani, ukapita Kilimanjaro, ukaishia Ziwa Victoria. Usukuma ukaangukia upande wa Wajerumani, na mpaka wetu na Kenya ni mstari huo huo. Hakuna mzee wa Bariadi aliyeulizwa. Barghash alifariki Machi 1888, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi, mwili umechoka na nchi imepungua.

Hayo yote nilimweleza kijana wangu kwa simu, mpaka salio likakaribia kwisha. Nilimwambia kwamba kukaa ugenini si kupendwa na mwenyeji wala kuzoea pilipili. Ni kutoka chumbani kila siku ukiwa na swali moja linalohusu watu wako. Mkulima wa Kihindi anapataje mbegu, na kwa mkopo gani? Mdudu anamdhibiti vipi? Pamba yake inanunuliwa na nani, na bei inapangwa lini? Aandike majibu katika daftari kila siku baada ya Isha. Na yale mabaya atakayoyaona nayo ayaandike, kwa sababu Barghash aliyachukua mabomba akasahau kuchukua tahadhari.

Nikamwambia pia kuwa tayari anayo neema ambayo Barghash hakuwa nayo. Hana mlinzi mlangoni, na tarehe yake ya kurudi anaijua.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tuliobaki. Kijana akirudi kutoka ng'ambo sisi humpokea kwa kumwuliza ametuletea nini, tukimaanisha simu, nguo na manukato. Akishagawa zawadi, hatuna habari naye tena. Elimu yake hukaa sandukuni na vyeti vyake. Nawaomba viongozi wa misikiti yetu ya Bariadi, Maswa na Meatu, na viongozi wa vyama vya wakulima, wawape vijana hawa nusu saa baada ya swala ya Ijumaa au katika mkutano wa chama, wasimame waseme walichokiona.

Kijana wangu bado yuko India. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake, umejaa mwandiko mdogo kuhusu mbegu na bei za pamba. Chini kabisa ameandika kwamba chakula bado hakijamkubali.

Wabillahi tawfiq.