Haki Yake Mpeni: Maisha ya Muyaka bin Haji na Safari ya Tungo Zake

Utangulizi

Miongoni mwa washairi wa Kiswahili wa karne ya 19, ni wachache wanaotajwa katika kumbi za mihadhara kama Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa. Wanafunzi wamezoea kumhakiki kwa misingi ya maudhui na fani. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia suala jingine, nalo ni jinsi jina lake lilivyobaki limeshikamana na tungo zake baada ya yeye kufariki dunia. Suala hilo lina uzito katika zama hizi ambapo wizi wa kitaaluma umekuwa donda ndugu katika uandishi wa tasnifu na majarida.

Mji na zama za mshairi

Inakadiriwa kwamba Muyaka alizaliwa mnamo mwaka wa 1776 na kufariki mwaka wa 1840. Mombasa ya wakati huo, au Mvita kama ilivyoitwa na wenyewe, haikuwa na sura iliyo nayo leo. Upande wa magharibi wa kisiwa, ambako sasa kuna gati za Kilindini na maghala na matangi ya mafuta ya Shimanzi, haukuwa bado na bandari ya meli kubwa. Kitovu cha mji kilikuwa upande wa mashariki, katika mitaa iliyo karibu na Ngome ya Yesu, ambako majahazi yalitia nanga na ambako watawala wa ukoo wa Mazrui walikuwa na makao yao.

Muyaka alikuwa mtetezi wa Mvita na wa Mazrui. Vita vya Shela vilipopiganwa mnamo mwaka wa 1812 hivi, Mombasa na washirika wake wa Pate walishindwa na watu wa Lamu, nao Walamu wakatafuta hifadhi kwa Seyyid Said wa Omani. Mwaka wa 1824 Kapteni Owen aliuweka mji chini ya himaya ya Waingereza, himaya iliyodumu hadi 1826 tu. Hatimaye, mwaka wa 1837, Seyyid Said aliitwaa Mombasa na utawala wa Mazrui ukakoma. Muyaka aliyashuhudia yote hayo, na mengi kati yake yaliingia katika mashairi yake: nasaha kwa watawala, kejeli kwa mahasimu na majibizano na washairi wa Lamu.

Aidha, hakuishia katika siasa. Alitunga kuhusu mapenzi, ndoa, ufukara, biashara na safari za baharini. Aliliimarisha shairi la mishororo minne kuwa chombo cha mazungumzo ya kila siku, kiasi kwamba wahakiki wengi humtaja kama mshairi aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ushairi huo ulisemwa na kusikika barazani, ukajibiwa, ukahifadhiwa vifuani mwa watu.

Tungo bila daftari

Sifa hiyo ndiyo iliyozihatarisha tungo zake. Hakuna diwani yenye sahihi ya Muyaka mwenyewe iliyotufikia. Mshairi alipofariki, mashairi yalibaki katika kumbukumbu za wenyeji wa Mvita. Katika hali kama hiyo beti huweza kupotea, kubadilishwa au kunasibishwa na mtu asiye mtunzi wake. Hatari huzidi pale ambapo mashairi ni ya kujibizana, kwa kuwa shairi la muulizaji na la mjibuji hukumbukwa pamoja, na msikilizaji wa kizazi cha pili huenda asijue lipi ni la nani.

Mikono iliyozipokea

Aliyeziokoa tungo hizo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1890. Takriban miaka arubaini baada ya kifo cha Muyaka, Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka katika kumbukumbu za watu na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Kisha alimfikishia William Ernest Taylor, mmishenari Mwingereza aliyeishi Mombasa, ambaye alizinukuu kwa hati za Kirumi pamoja na maelezo ya msamiati na matukio.

Yafaa kutafakari nafasi aliyokuwa nayo Mwalimu Sikujua. Yeye mwenyewe alikuwa mshairi, akizijua bahari za ushairi na lahaja ya Kimvita barabara. Huenda wazee wa mjini wangemsuta kama angejitwalia beti za mwenziwe, lakini msomaji wa Ulaya asingekuwa na njia ya kumjua mtunzi halisi. Hata hivyo, mashairi ya Muyaka aliyapeleka yakiwa ya Muyaka. Taylor naye hakulifuta jina la mwalimu wake, na kwa sababu hiyo mchango wa Sikujua unajulikana hadi leo. Nyaraka za Taylor, aliyefariki mwaka wa 1927, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London.

Mwaka wa 1940 William Hichens aliichapisha Diwani ya Muyaka kupitia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka wa 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu chake kuhusu Muyaka jijini Nairobi, akiyaweka mashairi katika muktadha wa historia na jamii iliyoyazaa. Tangu hapo, mtafiti anayemtaja Muyaka huandika jina la Hichens na mwaka wa 1940, au la Abdulaziz na mwaka wa 1979. Mwalimu Sikujua hana mwaka wa kuandikiwa katika mabano, kwa sababu hakuchapisha kitabu. Utaratibu wa marejeleo humtambua mwenye chapa. Aliyekusanya na kufafanua hutegemea uadilifu wa anayemfuata.

Hapa ndipo maisha na mauko ya Muyaka yanapogusa maadili ya uchapishaji. Tangu Kamati ya Maadili ya Uchapishaji ilipoundwa Uingereza mwaka wa 1997, wahariri wa majarida wamekuwa na miongozo ya kushughulikia wizi wa maandishi na migogoro ya uandishi. Zipo pia programu za kompyuta zinazolinganisha makala na maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa. Vyombo hivyo vina manufaa makubwa, lakini hutambua maneno yanayofanana na yaliyoandikwa mahali pengine. Haviwezi kutambua fasiri ya beti iliyotolewa na mzee barazani, kisha ikaandikwa katika tasnifu kana kwamba ni zao la mtafiti. Kadhalika, ni vigumu kwavyo kumnasa anayenukuu ubeti kutoka kitabu cha Abdulaziz huku akidai kuwa ameuona katika nyaraka za London.

Hitimisho

Muyaka alifariki miaka mitatu baada ya utawala alioutetea kuanguka. Tungo zake zilipita mikononi mwa watu wa dini, nchi na lugha mbalimbali, nalo jina lake halikupotea njiani kwa kuwa kila mmoja alitaja alikozipata. Mtafiti wa fasihi ya Kiswahili anayekwenda nyanjani Mvita, Lamu au Unguja ana wajibu uo huo. Aandike jina la aliyemsomea na la aliyemfafanulia, ikiwa wameridhia kutajwa. Ataje chapa aliyoisoma kwa macho yake. Na pale anapotegemea nukuu ya mwingine, aseme hivyo bayana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na katika taaluma, haki ya kwanza ya mtu ni jina lake kukaa kando ya kazi yake.