Jicho Moja la Daktari Burkitt

Hayati Denis Burkitt angaliusifu mlo wa wazee wetu wa Nyamache: obokima wa wimbi, chinsaga na ndizi. Huyo ndiye tabibu aliyeufundisha ulimwengu kuyatazama matumbo ya watu kupitia vyunguni mwao.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alipoomba kazi ya udaktari Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya kasoro hiyo. Hata hivyo, mwaka 1946 alifika Uganda, akawa mpasuaji huko Lira, na baadaye Mulago. Mwaka 1957 aliona uvimbe wa ajabu katika mataya ya watoto, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari yeye na wenzake wawili hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ili kuchora ramani ya ugonjwa huo. Saratani hiyo leo ina jina lake.

Aliporejea Uingereza mwaka 1966 aligeukia utumbo mpana. Alishangaa kwamba saratani yake, iliyojaa Ulaya, ilikuwa adimu katika wodi za Mulago. Alihisi kwamba siri ni nyuzinyuzi za chakula kisichokobolewa. Utafiti uliofuata haukuthibitisha kila alichodai, lakini shina la hoja yake limesimama. Alifariki mwaka 1993.

Siku hizi ugonjwa huo unaonekana pia kwetu. Bahati njema, kivimbe kikigunduliwa mapema huondolewa bila kupasua tumbo. Daktari hupitisha mrija wenye kamera katika njia ya haja kubwa, akakikata kwa kitanzi cha waya. Kinyesi kikisalia au damu ikivuja, haoni kitu. Ndiyo maana mgonjwa husafishwa utumbo kwanza, na maji hupitishwa mrijani kuosha mahali pa kazi.

Nami, mwanafunzi wa lugha, naona utando mwingine unaotangulia huo. Adabu ya lugha zetu hutuzuia kukitaja kiungo hicho mbele ya watu, sembuse damu itokayo humo. Mzee husema ana bawasiri, akanyamaza hadi amechelewa. Adabu hiyo ni njema barazani. Mbele ya daktari yaua. Burkitt aliona mengi kwa jicho moja kwa kuwa aliuliza, naye akajibiwa. Tusipotamka, hata kamera haitatufaa.