Padri Thomas Byles, aliyebaki na watu wake katika merikebu Titanic

Katika nchi ya Uingereza, mjini Leeds, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 26 Februari 1870. Wazazi wake walimwita Roussel Davids. Baba yake, mzee Byles, alikuwa mchungaji wa Waprotestanti wale waitwao Wakongregasyonali, mtu mwenye elimu na mcha Mungu, naye aliwalea watoto wake saba katika kusali na kusoma Maandiko Matakatifu. Roussel ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Siku zile hakuna aliyeweza kufikiri kwamba mtoto huyo atakuwa padri wa Kanisa Katoliki, wala kwamba jina lake litatajwa pamoja na ajali ambayo ulimwengu haujaisahau.

Mwaka 1889 alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Oxford. Alisoma hesabu, historia na theologia. Lakini zaidi ya hayo yote alitafuta ni wapi lilipo Kanisa ambalo Bwana Yezu mwenyewe alilijenga. Kwanza alijiunga na Waanglikani, hata akakusudia kupewa ushemasi kwao. William, ndugu yake mdogo, alimtangulia kuingia Kanisa Katoliki. Roussel hakumfuata upesi. Alimwandikia kwamba hawezi tena kuukubali msimamo wa Waanglikani, lakini mafundisho ya Roma pia hayajamridhisha. Kwa hiyo ameacha kupokea komunio kwao, na ushemasi wake ameuahirisha. Akawa kama mtu aliyekwisha kutoka katika nyumba moja, na mlango wa nyumba nyingine hajaufikia. Wakatekumeni waonao kwamba miaka ya kungoja ubatizo ni mirefu watamwelewa vema. Wala hakufanya vibaya kungoja, kwa maana alingoja huku akisoma na kusali. Mwaka 1894 alipokelewa katika Kanisa Katoliki, akajichagulia jina la Thomas.

Mara akatamani upadri. Afya yake ilikuwa dhaifu, na safari yake ya masomo ikachukua miaka mingi. Hatimaye alikwenda Roma, akapewa daraja takatifu mwezi wa Juni 1902. Tangu mwaka 1905 alikuwa paroko wa kanisa la Mtakatifu Helena katika mji mdogo wa Ongar, upande wa mashariki wa Uingereza. Parokia ilikuwa ya maskini, na Wakatoliki wake walikuwa wachache. Aliwatembelea nyumbani kwao, akawafundisha katekisimo, na vijana wa mji aliwafundisha hata mchezo wa ngumi. Kama asingesafiri, angalizeeka pale, na nje ya Ongar asingalijulikana.

William alikuwa amehamia Marekani, naye alikuwa karibu kufunga ndoa mjini New York. Akamwomba kaka yake aje kuibariki ndoa hiyo. Basi tarehe 10 Aprili 1912 Padri Thomas alipanda merikebu Titanic katika bandari ya Southampton, akiwa na tiketi ya daraja la pili. Katika barua aliyoiandikia mtumishi wa nyumba yake alisema kwamba safari inakwenda vizuri, ila kwa namna asiyoijua amepoteza mwavuli wake.

Yafaa kueleza merikebu hiyo ilikuwaje. Ilikuwa mpya kabisa, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza ya kuchukua abiria. Urefu wake ulikuwa mita 269, na ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 2,200: matajiri wakubwa juu, na chini katika daraja la tatu, maskini kutoka Irlandi, Siria, Sweden na nchi nyingine, waliokwenda kutafuta maisha mapya. Waliyoiunda waligawanya sehemu yake ya chini katika vyumba 16 kwa kuta za chuma, ili chombo kikitobolewa mahali pamoja, maji yasiweze kuenea pote. Hata vyumba vinne vya mbele vikijaa, merikebu ingeelea bado. Gazeti moja la waunda merikebu liliandika kwamba ni karibu haiwezekani izame, na watu wakalisahau neno lile karibu.

Lakini kuta zile hazikufika juu kabisa. Na mashua za kuokolea zilikuwa 20 tu, zenye nafasi kwa watu 1,178. Msomaji asidhani kwamba wenye merikebu waliivunja sheria. Sheria ya Uingereza ilitungwa wakati merikebu zilipokuwa ndogo zaidi, nayo ilidai mashua 16 tu. Kwa hesabu ya sheria, Titanic ilikuwa na mashua kuliko ilivyopaswa. Kwa hesabu ya watu, karibu nusu yao hawakuwa na mahali.

Dominika tarehe 14 Aprili, yaani Dominika ya kwanza baada ya Pasaka, Padri Thomas alisoma Misa Takatifu kwa watu wa daraja la pili, kisha akashuka kuisoma kwa watu wa daraja la tatu. Walikuwamo mapadri wengine wawili: Josef Peruschitz, mmonaki wa Mtakatifu Benedikto kutoka nchi ya Ujerumani, na Juozas Montvila kutoka Lituania. Padri Thomas alihubiri kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Aliwaambia kwamba roho nayo ina hatari ya kuzama, na kwamba sala na Sakramenti ndizo mashua yake. Watu walisikiliza, wakaenda kula.

Siku ile simu za upepo zilikuwa zimeleta habari mara nyingi kutoka kwa merikebu nyingine, kwamba mbele kuna barafu. Barafu ni maji yaliyogeuka kuwa magumu kama jiwe kwa ajili ya baridi kali. Na katika bahari ile huelea vipande vikubwa kama milima, ambavyo sehemu kubwa yao imefichwa chini ya maji. Nahodha aligeuza njia kidogo kuelekea kusini, ila mwendo hakuupunguza. Hiyo ndiyo desturi ya manahodha wakati ule, na ilikuwa desturi mbaya. Usiku haukuwa na mwezi, bahari ilitulia kabisa, hata hapakuwa na mawimbi ya kuonyesha mahali mlima ulipo. Saa sita kasorobo za usiku, au dakika tano kabla yake, walinzi waliuona mbele yao. Usukani uligeuzwa, lakini merikebu ilipita ikikwaruzwa ubavuni na mlima ule. Mbao za chuma zilizounganishwa kwa ribiti ziliachana hapa na pale. Nafasi zote zilizofunguka, kama zingewekwa pamoja, zisingeuzidi mlango mmoja wa nyumba. Lakini zilienea katika vyumba sita vya mbele. Mbele ikainama, na maji yakapita juu ya ukuta mmoja kuingia chumba cha pili, kama yafanyavyo katika matuta ya shamba mvua ikizidi.

Padri Thomas alikuwa juu sitahani, akitembea na kusali kwa kitabu chake cha Breviari. Alipojua habari, hakwenda penye mashua. Alishuka kwa watu wa daraja la tatu, waliokuwa wamekwisha kuona maji na kuanza kulia. Wale waliookoka walisimulia kwamba alipita katikati yao akiinua mkono, akawatuliza, akawabariki, akaanza Rozari nao wakaitikia. Akawaongoza wanawake na watoto kupanda ngazi hata penye mashua, akawasaidia kuingia. Mabaharia walimtaka aingie naye, mara mbili, naye mara mbili akakataa.

Huzuni mojawapo ya usiku ule ni kwamba mashua za kwanza ziliondoka bila kujaa. Moja yenye nafasi 65 ilichukua watu 28; nyingine yenye nafasi 40 ilichukua 12. Watu hawakuamini kwamba nyumba kubwa namna ile, yenye taa zote zikiwaka, yaweza kuzama. Walipoamini, mashua zilikuwa zimekwisha.

Ndipo Padri Thomas alipokwenda nyuma ya merikebu, iliyokuwa ikiinuka juu, pamoja na wale waliobaki. Aliwasikiliza walioungama. Walipozidi kuwa wengi, aliwaondolea dhambi wote pamoja, kama Kanisa linavyomruhusu padri hatari ya kufa ikiwa karibu, mradi watu wazijutie dhambi zao kwa kweli. Watu zaidi ya mia walipiga magoti kumzunguka. Hawakuwa Wakatoliki tu. Waprotestanti na Wayahudi pia walikuwamo. Katika mashua zilizokuwa mbali gizani, watu walisikia sauti yake na sauti za waliomwitikia. Saa nane na dakika ishirini za usiku merikebu ilizama. Mapadri wale wengine wawili walikufa pia.

Maji yalikuwa ya baridi kupita barafu, na waliotumbukia walikufa upesi. Merikebu Carpathia ilifika alfajiri, ikawachukua watu zaidi kidogo ya 700. Waliokufa walikuwa kama 1,500, na wengi wao walikuwa mabaharia na watu wa daraja la tatu. Baada ya hayo mataifa yalipatana, mwaka 1914, kwamba kila merikebu iwe na mashua za kuwatosha watu wote, na simu isikilizwe usiku na mchana. Mabaki ya Titanic yalionekana mwaka 1985, chini ya bahari karibu mita 3,800.

Mwili wa Padri Thomas haukupatikana. Ndoa ya William ilibarikiwa na padri mwingine. Kisha bwana na bibi arusi walikwenda nyumbani, wakavua nguo za sherehe, wakavaa za msiba, wakarudi kanisani kwa Misa ya marehemu. Baadaye katika mwaka ule walifika Roma, na Baba Mtakatifu Pius wa Kumi akawapokea, akamtaja marehemu kuwa shahidi wa Kanisa. Kanisa bado halijamtangaza Mtakatifu. Ila mwaka 2015 paroko wa Ongar alianza kuomba kazi hiyo ifanywe. Kanisani mle mna dirisha la vioo vya rangi, lililowekwa kwa ukumbusho wake, na mmojawapo wa walioonyeshwa humo ni Mchungaji Mwema.